MWALIMU KIZIWI ALIYEIPIGIA ROKETI HESABU

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Kabla sijawasimulia habari za mzee huyu wa Urusi, sharti kwanza nikiri aibu yetu. Wale mliokuwapo uwanjani siku ile klabu ya sayansi ilipojaribu roketi ya maji mnakumbuka yaliyotupata. Tulikuwa na chupa ya soda ya plastiki ya lita moja u nusu, kizibo cha mpira kilichotobolewa katikati, valvu ya tyubu kuukuu na pampu ya baiskeli ya bawabu. Tukaijaza chupa maji mpaka shingoni. Hesabu yetu ilikuwa rahisi: maji yakiwa mengi, nguvu nayo itakuwa nyingi. Nikapiga pampu mpaka jasho likanitoka njia nne njia nne. Kizibo kikafyatuka. Roketi ikainuka kimo cha dirisha la maabara, ikatulowesha sote tuliokuwa karibu, kisha ikalala chini puu! Watu walicheka, wengine wakashindwa hata kusimama.

Jioni hiyo ukazuka ubishi. Mmoja wetu, ambaye simtaji hapa kwa sababu bado ni rafiki yangu, alishikilia kwamba roketi hupanda kwa kuwa maji yanaisukuma ardhi. Kwa hivyo, eti, huko juu kabisa ambako hakuna ardhi wala hewa, roketi haiwezi kwenda popote kwani haina kitu cha kusukuma. Hakuna aliyekuwa na jibu la kumnyamazisha. Mwalimu wetu wa fizikia alitusikiliza tu, akatabasamu, akatuambia tukatafute habari za mtu anayeitwa Konstantin Tsiolkovsky. Jina lenyewe lilinitoa jasho kulitamka. Nilikwenda maktaba nikitafuta jibu la ubishi, nikatoka na kisa cha maisha ya mtu.

Tsiolkovsky alizaliwa tarehe 17 Septemba mwaka 1857 katika kijiji cha Izhevskoye, jimbo la Ryazan, nchini Urusi. Babake, Eduard, alikuwa mfanyakazi wa misitu, mtu wa asili ya Kipolandi. Watoto nyumbani walikuwa wengi na mkono wa baba ulikuwa mfupi. Alipofika umri wa miaka kumi hivi, kijana aliugua homa kali, ile inayoleta vipele vyekundu na kuvimbisha koo. Maisha aliponea chupuchupu lakini masikio hayakupona. Akabaki karibu kiziwi maisha yake yote.

Hapa naomba niseme jambo langu kidogo. Sikio langu la kushoto lilianza kutoka usaha nilipokuwa darasa la tatu, na tangu siku hizo halisikii sawasawa. Ndiyo maana huwa ninakaa dawati la mbele upande wa kushoto, ili sikio zima limwelekee mwalimu. Wengine hudhani najipendekeza. Kwa hiyo niliposoma kwamba kijana huyu alikuwa anakaa darasani akimwona mwalimu anafungua na kufunga mdomo tu, asipate lolote la maana, sikuhitaji kuelezewa. Yangu ni nafuu, maana nina moja. Yeye hakuwa na hata moja la kutegemea.

Mwaka 1870 mamake akafariki. Huyo mama ndiye aliyekuwa amemfundisha kusoma na kuandika. Masomo ya shule yakamshinda, na mwaka 1873 akaacha shule kabisa wala hakurudi tena kama mwanafunzi. Lakini nyumbani kulikuwa na vitabu vichache vya babake, vya hesabu na vya sayansi. Akaanza kuvisoma peke yake. Kila alichosoma alitaka kukihakikisha kwa mikono. Alisoma jinsi ya kupima umbali wa kitu bila kukifikia, akajitengenezea kifaa cha kupimia, akapima kutoka nyumbani kwao hadi mnara wa zimamoto, kisha akaenda kwa miguu kuhesabu hatua. Hesabu ikaoana na hatua. Tangu hapo akaanza kuyaamini yale yaliyoandikwa vitabuni.

Babake alipoona kijana ana kichwa, alimtuma Moscow mwaka huohuo wa 1873. Alikuwa na miaka kumi na sita, yaani umri wangu mimi leo hii. Fikiria basi, msomaji, kijana wa miaka kumi na sita, kiziwi, hana shule, amepelekwa mji mkubwa asikojua mtu. Hakuingia chuo chochote. Chuo chake kilikuwa maktaba ya umma, ambako mtu hakulipa karo na hakuhitaji kusikia. Alikuwa anafika asubuhi na kuondoka jioni. Mle ndani alikuwamo mkutubi mmoja mwema, Nikolai Fyodorov, aliyemwonea imani na kumpatia vitabu. Kwa miaka mitatu alisoma hesabu, fizikia, kemia na habari za nyota, bila mwalimu wa kumsahihisha.

Sasa kuhusu chakula. Babake alikuwa anamtumia ruble 10 hadi 15 kwa mwezi. Ungedhani angekula vizuri. Wapi! Kila baada ya siku tatu alikwenda kwa mwoka mikate na kununua mkate mweusi wa kopeki 9. Hiyo ni kopeki 90 kwa mwezi, haifiki hata ruble moja. Pesa zilizosalia ziliishia kwenye vitabu, mabomba, zebaki na asidi. Asidi nayo ilimtoboa suruali, na watoto wa mtaani wakawa wanamuuliza kama panya ndio walioila. Aliwaacha wacheke. Mimi nikilala na chai kavu siku moja tu, kesho yake hesabu haziingii kichwani, kwa hiyo sijui yeye alifanyaje. Mwishowe afya ikazorota, habari zikamfikia babake, na mwaka 1876 akaitwa arudi nyumbani.

Mwaka 1879 alifanya mtihani wa ualimu kama mtahiniwa wa nje, akapasi. Mwaka 1880 akatumwa kufundisha hesabu katika mji mdogo wa Borovsk, na huko ndiko alikofunga ndoa na Varvara Sokolova. Kiziwi akawa mwalimu! Alijitengenezea bomba la bati lenye umbo la faneli, upande mwembamba sikioni, upande mpana kwa mwanafunzi, na hivyo ndivyo alivyosikia majibu ya darasa. Picha zake na mabomba hayo zipo mpaka leo. Alikuwa anawatengenezea wanafunzi puto za karatasi zinazopaa kwa hewa moto. Watu wa Borovsk walimwona kama mtu aliyepungukiwa kidogo.

Akiwa hukohuko Borovsk alifanya kazi moja kubwa kuhusu gesi, kwamba gesi ni vijichembe vinavyokimbia huku na huko na kugongana. Alipiga hesabu zote mwenyewe kisha akazituma kwa chama cha wanasayansi mjini St. Petersburg, ambako Dmitri Mendeleev, yule wa jedwali la elementi tunalolikariri, alikuwa mmojawapo. Jibu likaja kwamba kazi ni nzuri, ila dunia ilikwisha kuyajua hayo miaka ishirini na mitano iliyopita. Hebu jiweke mahali pake. Umekesha na mshumaa, umegundua jambo, kumbe wenzako walikwisha kuligundua ungali hujajua hata kuhesabu! Hayo ndiyo malipo ya kusoma peke yako bila wa kukuambia wengine wamefika wapi. Lakini wale wakubwa hawakumdharau. Waliona mtu anayeweza kufika huko bila ngazi ni mtu wa kuangaliwa, naye hakufa moyo.

Nikafika sasa pale nilipokuwa nikipatafuta. Mwaka 1883 aliandika daftari kuhusu anga tupu, mahali pasipo na hewa wala uzito. Humo alisema tuchukue pipa lililojazwa gesi iliyobanwa sana. Tukifungua bilula yake moja, gesi itatoka kwa nguvu upande mmoja na pipa litakwenda upande wa pili, na litaendelea kuongeza mwendo muda wote gesi inapotoka. Jamani, hiyo si ndiyo chupa yetu? Pipa halihitaji ardhi ya kusukuma. Hewa iliyobanwa ndani inasukuma kila upande. Inasukuma kuta, na kuta zinapingana zenyewe kwa zenyewe. Inasukuma kitako cha chupa kwa juu, lakini upande wa chini pana tundu, na badala ya kusukuma plastiki inasukuma maji yanayotoka. Chupa yapanda kwa sababu imeyatupa maji, si kwa sababu maji yamegonga chini. Ni ile sheria ya tatu ya Newton tuliyoikariri bila kuifikiria. Ukikaa ndani ya mtumbwi usio na kafi, ukawa unatupa mawe nyuma, mtumbwi utasogea mbele hata kama mawe hayajagusa maji bado. Rafiki yangu niliyemtaja nilimsomea sehemu hii mara mbili. Alinyamaza, ingawa hajakubali waziwazi.

Taabu hazikumwacha. Mwaka 1887 nyumba aliyokaa iliungua, ikala karatasi na vifaa vyake. Mwaka 1892 akahamishiwa mji wa Kaluga kando ya mto Oka, na huko ndiko alikoishi hadi kufa. Mwaka 1897 alijitengenezea nyumbani mashine ya kupuliza upepo juu ya vielelezo, apate kupima jinsi hewa inavyovizuia vitu vya maumbo mbalimbali. Baadaye Chuo cha Sayansi cha Urusi kilimpa ruble 470 aendeleze majaribio hayo, na huo ndio karibu msaada pekee aliopata enzi ya wafalme. Mingine ilitoka kwenye mshahara wa ualimu, na nyumbani kulikuwa na watoto wa kulishwa. Sifichi kwamba hapa mimi namhurumia zaidi Bi Varvara. Vitabu vingi humtaja kwa sentensi moja tu, na mimi pia naona nimefanya vilevile.

Tarehe 10 Mei 1897 aliandika karatasini ile fomula inayobeba jina lake mpaka leo. Msikimbie, nitaieleza polepole. Mwendo utakaofikiwa na roketi unategemea mambo mawili. La kwanza ni kasi ya kile kinachotoka nyuma. La pili ni uzito wa roketi ikiwa imejaa ukigawanywa kwa uzito wake ikiwa tupu. Unachukua jibu la kugawanya, unatafuta logi yake, si ile ya msingi wa kumi tuliyo nayo kwenye kitabu cha jedwali bali ile ambayo kikokotoo huiandika ln, kisha unazidisha kwa kasi ya kinachotoka. Basi.

Nikaijaribu kwa chupa yetu. Chupa pamoja na mabawa yake ya kadibodi ina gramu 100 hivi. Nikitia nusu lita ya maji, hiyo ni gramu 500, jumla 600. Gawanya kwa 100, unapata 6, na logi yake ni kama 1.79. Tukiipiga pampu mpaka presha ya ndani ipite ya nje mara nne, maji huanza kutoka kwa mita 28 hivi kwa sekunde, kisha kasi inapungua kadiri hewa inavyotanuka. Tuseme wastani ni 25. Zidisha kwa 1.79, unapata karibu mita 45 kwa sekunde! Uvutano wa dunia na upepo vitapunguza, lakini huo bado ni mwendo wa kupita paa la bweni lolote.

Sasa kwa nini yetu ililala? Hapo ndipo nilipojipiga paji la uso. Maji hayana nguvu yoyote ya kwao. Aliye na nguvu ni hewa, nayo ndiyo inayofanya kazi ya springi iliyobanwa. Sisi tuliijaza chupa maji hadi shingoni, hewa ikabaki kidogo mno. Maji kidogo tu yalipotoka, ile hewa ilitanuka mara kadhaa na presha ikaisha, tukabaki na mzigo wa kilo moja na zaidi usio na wa kuusukuma. Nayo chupa isiyo na maji kabisa hutoa hewa tupu, ambayo haina uzito wa kutosha wa kutupwa. Maji yasiwe mengi wala yasikosekane. Karibu theluthi moja ya chupa ndiyo inayofaa.

Fomula hiyo ina uchungu wake pia. Uzito ukigawanyika mara 12 badala ya 6, mwendo hauzidi maradufu. Unaongezeka kwa mita 17 tu. Tsiolkovsky aliliona hilo mapema. Alijua kuizunguka dunia bila kuanguka kunataka mwendo wa kilomita 8 hivi kwa sekunde. Ikiwa kinachotoka nyuma kina kasi ya kilomita 2, roketi iliyojaa lazima iwe na uzito mara 55 wa ile tupu, na nani atajenga tangi la namna hiyo? Kasi ya kinachotoka ikiwa kilomita 4, zinatosha mara 7 na kidogo. Basi akaachana na habari za baruti. Akasema roketi ichome haidrojeni na oksijeni zilizopozwa mpaka zikawa kimiminika. Haya aliyachapisha mwaka 1903 katika jarida la Nauchnoe Obozrenie, katika makala yaliyohusu kuchunguza anga kwa vyombo vinavyokwenda kwa kurusha gesi nyuma. Mwaka huo ndio ndugu wawili wa Kimarekani, akina Wright, waliruka na ndege kwa sekunde chache. Watu hawajajua kuruka sawasawa, yeye tayari anapigia hesabu njia ya kutoka duniani!

Na nani alisoma? Karibu hakuna. Jarida lenyewe halikudumu. Mwaka uliotangulia, 1902, mwanawe Ignaty aliyekuwa mwanafunzi Moscow alikuwa amejitoa uhai. Mwaka 1908 mto Oka ulifurika, maji yakaingia nyumbani na kuharibu maandishi mengi. Mwaka 1911 bintiye Lyubov alikamatwa kwa mambo ya siasa. Mwaka huohuo sehemu ya pili ya makala yake ya roketi ilianza kutoka katika jarida jingine, na safari hii watu wakaanza kugeuza shingo. Muda wote huo alikuwa anakwenda kufundisha fizikia katika shule ya wasichana ya mji wa Kaluga, kisha anarudi kwenye chumba chake cha juu na faneli yake ya bati.

Baada ya mapinduzi ya Urusi ya mwaka 1917, serikali mpya ilimjali zaidi, na mwaka 1921 akapewa pensheni ya maisha. Kule Marekani Robert Goddard naye, na Ujerumani Hermann Oberth, walikuwa wameifikia njia hiyohiyo kila mtu kivyake. Safari hii haikuwa kama ile ya gesi, kwani mzee wa Kaluga ndiye aliyewatangulia. Mwaka 1929 alichapisha wazo jingine, la treni ya roketi. Roketi kadhaa zinaungwa pamoja, moja ikiisha mafuta inadondoshwa, nyingine inawaka, hivyo huna haja ya kubeba matangi matupu. Kwa hila hiyo ule uchungu wa fomula ukapata dawa.

Alifariki Kaluga tarehe 19 Septemba 1935, siku mbili baada ya kutimiza miaka 78, kwa saratani ya tumbo. Hakuwahi kurusha roketi hata moja. Tarehe 4 Oktoba 1957, wiki chache baada ya kutimia miaka mia tangu azaliwe, Warusi walirusha Sputnik, na tarehe 12 Aprili 1961 Yuri Gagarin akaizunguka dunia. Miezi miwili baadaye Gagarin mwenyewe alikwenda Kaluga kuweka jiwe la msingi la jumba la makumbusho lenye jina la mwalimu huyo. Upande wa mwezi ambao sisi hatuuoni kuna shimo kubwa jeusi, nalo linaitwa Tsiolkovsky.

Wala msidhani mambo haya ni ya mbali. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe zetu za Jamhuri, roketi ya Kimarekani iliyoitwa Scout ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kuchunguza eksirei za nyota, na setilaiti hiyo ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Ile Scout ilikuwa na vipande vinne vinavyowaka kimoja baada ya kingine. Treni ya mzee wa Kaluga ilipita hapa kwetu.

Sisi nasi tulirudi uwanjani Jumamosi moja, mapema, kabla wachekaji hawajafika. Nusu lita ya maji, nikaipima kwa bika ya maabara. Rafiki yangu mbishi ndiye aliyepiga pampu. Kizibo kilipofyatuka sikusikia vizuri mlio, maana nilikuwa nimeuelekezea sikio baya, lakini niliona wenzangu wote wameinua nyuso. Chupa ilipita paa la maabara, ikapita mkalitusi, ikaangukia shamba la mahindi la jirani. Mpaka naandika makala haya bado hatujaipata.